Haishiki, Haikati: Utambuzi na Ukarabati wa Klachi Nyumbani katika Arua na Koboko, na Nafasi ya Kiswahili cha Ufundi

Ikisiri

Klachi huunganisha na kutenganisha injini na giaboksi, na huchakaa katika kila gari la gia za mkono. Makala haya yanaeleza namna hitilafu zake zinavyoweza kutambuliwa na kurekebishwa nje ya gereji kubwa, kwa kuzingatia mazingira ya Arua na Koboko, ambako magari na mafundi wa nchi tatu hukutana. Hoja kuu ni kwamba hasara kubwa katika kazi hii hutokana na utambuzi uliokosewa, na kwamba utambuzi hutegemea maelezo ya dereva kuliko vifaa. Kwa sababu hiyo Kiswahili cha ufundi kinahitaji kwanza vitenzi vinavyotofautisha hitilafu. Majina ya vipuri yanaweza kusubiri.

Istilahi muhimu: klachi, utambuzi wa hitilafu, Kiswahili cha ufundi, West Nile

1.0 Utangulizi

Barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba ina urefu wa takriban kilomita 92. Mwanzo wake ni mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mwisho wake ni mpaka wa Sudan Kusini. Kati ya ncha hizo mbili kuna Arua, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, na Koboko, ambayo wilaya yake ilimegwa kutoka Arua mwaka 2005. Kilugbara ndicho lugha ya wengi Arua na Maracha. Koboko ni nchi ya Wakakwa, na Wakakwa wenyewe wamegawanywa na mipaka ya nchi zote tatu. Kinubi, Kiarabu cha Juba, Kilingala, Kiswahili cha Kongo na Kiingereza husikika katika masoko hayohayo.

Chukulia dereva wa gari dogo la mizigo aliyetoka Ariwara, upande wa Kongo, akafika Koboko na gari linalokataa kuingia gia. Amejifunza udereva mahali ambapo klachi huitwa kwa jina la Kifaransa, basi anamwambia fundi, “Ambreyaji imekufa.” Fundi, ambaye amejifunza kazi kwa Kikakwa na maneno ya Kiingereza, anatambua kwamba kinachozungumziwa ni klachi. Jina la kipuri halijawa kikwazo hata kidogo. Kikwazo ni kitenzi: “imekufa” haisemi klachi imefanya nini. Fundi anashusha giaboksi, anapoteza siku nzima chini ya gari, na anaikuta diski ikiwa nzima. Kilichoharibika ni raba ndogo ndani ya pampu, kitu ambacho kingebadilishwa bila kugusa giaboksi.

Mfano huu unabeba suala zima la makala haya. Kampala iko takriban kilomita 480 kutoka Arua, na kipuri kinapoagizwa huko, gari husimama mpaka kifike. Kwa mwenye gari moja linalolisha nyumba, kila siku ya kusimama ni siku isiyo na mapato.

2.0 Klachi hufanya nini

Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili, linalozunguka wakati wote injini inapofanya kazi. Mbele ya giaboksi kuna shafti yenye meno, na juu ya meno hayo hukaa diski ya klachi, yenye bitana za msuguano pande zote mbili. Sahani ya mgandamizo, ambayo mafundi huiita presha pleti, hufungwa kwenye flaiwili kwa bolti, na springi yake huibana diski dhidi ya flaiwili. Pedali ikiwa juu, vitu hivi vitatu huzunguka kama kitu kimoja na nguvu hupita. Pedali ikikanyagwa, uma husukuma beringi ya kuachia, beringi hubonyeza springi, na diski huachwa huru. Nguvu hukatika na gia inaweza kubadilishwa.

Kutoka kwenye pedali hadi kwenye uma kuna njia mbili. Ya kwanza ni waya. Ya pili ni mafuta: pampu ya juu, iliyo karibu na pedali, husukuma mafuta ya breki kupitia bomba jembamba hadi pampu ya chini, iliyo ubavuni mwa giaboksi. Magari mengi ya kazi katika West Nile, kama vile Hiace za abiria, Hilux, Land Cruiser na malori ya Canter, hutumia mafuta. Magari madogo ya saluni yaliyoagizwa Japani katika miaka ya karibuni mara nyingi ni ya gia za kujiendesha na hayahusiki na mjadala huu. Klachi, kwa hiyo, ni tatizo la magari yanayotafuta riziki.

3.0 Kutambua kabla ya kufungua

Kazi ya klachi ni mbili tu, kushika na kuachia, na hitilafu zake kuu ni mbili: haishiki au haikati. Mafundi wa Kiswahili wamekwisha kuyapata maneno hayo wao wenyewe, na ni maneno mazuri kuliko mengi yaliyotungwa mezani. Tatizo ni kwamba hitilafu zote mbili, zilizo kinyume kabisa, hutupwa katika kapu moja la “klachi imekufa” au “klachi imekwisha”.

Klachi isiyoshika huteleza. Injini hupaza sauti lakini gari haliongezi mwendo. Dalili huonekana kwanza mlimani na penye mzigo, mathalani katika kupanda kutoka bonde la Nile pale Pakwach kuelekea Nebbi na nyanda za juu za Arua, na huja na harufu kali ya kuungua. Jaribio lake ni rahisi. Gari huwekwa mahali tambarare pasipo na mtu mbele wala nyuma, handbreki huvutwa, gia ya tatu au ya nne huingizwa, injini hupandishwa hadi mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, kisha pedali huachiwa taratibu. Klachi nzima huizima injini. Injini ikiendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea, klachi inateleza. Jaribio lisirudiwe zaidi ya mara moja au mbili, maana kila mara linakula bitana.

Hata hivyo, klachi inayoteleza si lazima iwe imekwisha. Waya uliokazwa kupita kiasi huifanya pedali ikose mchezo, yaani ile nafasi ndogo ya bure kabla ya pedali kuanza kuwa nzito, na klachi ikabaki imebonyezwa nusu wakati wote. Pampu ya juu isiyorudi hadi mwisho hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa mafuta hufungiwa ndani ya bomba. Upo pia uwezekano wa mafuta ya injini kuvuja kupitia sili ya nyuma ya kranki na kulowesha diski. Diski iliyolowa haiponi kwa kufutwa. Lakini diski mpya ikifungwa bila kubadili sili, nayo italowa.

Klachi isiyokata ina dalili nyingine. Gia ya nyuma hukwaruza, gia ya kwanza hukataa, au gari husogea pedali ikiwa chini. Hapa kuna jaribio lisilohitaji kifaa chochote: injini izimwe, kisha gia ziingizwe moja baada ya nyingine. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na kukataa injini ikiwa hai, klachi haikati. Zikikataa hata injini ikiwa imezimwa, kosa liko kwenye vyuma vya kubadilishia gia au ndani ya giaboksi, na klachi haina hatia. Jaribio la pili hufuata: pedali ipigwe haraka mara tatu au nne. Gia zikianza kuingia, upo uwezekano mkubwa kwamba kuna upepo kwenye mafuta au raba ya pampu inapitisha. Dereva wa Ariwara angeulizwa maswali haya mawili tu, giaboksi yake isingeshuka.

Sauti nayo ina mpangilio wake. Mlio unaotokea pedali inapokanyagwa na kutoweka inapoachiwa huielekea beringi ya kuachia. Mlio unaosikika pedali ikiwa juu na gia ikiwa huru, kisha ukanyamaza pedali inapokanyagwa, huielekea beringi ya shafti ya kuingilia ya giaboksi. Mafundi wenye uzoefu hulijua hili kwa sikio. Mwanafunzi hulijua akiambiwa, na ili aambiwe lazima pawe na sentensi ya kumwambia.

Mtetemo wakati klachi inaposhika ndio unaodanganya zaidi. Unaweza kuletwa na mafuta kwenye diski au na madoa ya joto kwenye uso wa flaiwili, lakini pia na raba za kuegemeza injini zilizokatika. Raba hizo zikaguliwe kwanza, ziko nje.

4.0 Kazi inayowezekana nyumbani: mafuta, raba na upepo

Hitilafu nyingi za “haikati” zinaweza kumalizwa uani, na hatua ya kwanza ni kufungua kikopo cha mafuta ya klachi na kutazama. Mafuta yakiwa chini ya alama, kuna mahali yanapovuja, kwa kuwa mfumo huu haunywi mafuta. Kapeti iliyo chini ya pedali ipapaswe. Ikiwa na unyevu unaoteleza, pampu ya juu inavuja. Kifuniko cha raba cha pampu ya chini kivutwe kidogo. Yakichuruzika mafuta, pampu hiyo ndiyo inayovuja. Katika baadhi ya magari kikopo cha klachi na cha breki ni kimoja, na hapo uvujaji wa klachi ni suala la breki pia. Gari la namna hiyo halifai kuendeshwa “mpaka kesho”.

Kosa baya kuliko yote katika hatua hii ni kujaza mafuta yasiyo yake. Raba za pampu za klachi katika magari haya zimetengenezwa kwa mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya injini, dizeli au grisi ya kawaida huzifanya zivimbe na kulegea, na ndani ya muda mfupi pampu zote mbili huharibika. Aliyeokoa bei ya chupa moja hulazimika kununua raba zote, kusafisha bomba zima na kuanza upya. Kwa upande mwingine, mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa; chupa iliyokaa wazi rafuni msimu mzima wa mvua si ya kuaminiwa, na mafuta yaliyotolewa kwenye mfumo hayarudishwi. Pia hubabua rangi ya gari, hivyo yakimwagika yaoshwe mara moja kwa maji.

Baada ya raba kubadilishwa, upepo lazima utolewe. Kazi hii inataka watu wawili, mmoja kwenye pedali na mwingine chini ya gari, ambao mara nyingi hawaonani. Bomba la plastiki hufungwa kwenye nipeli ya pampu ya chini na ncha yake huzamishwa katika chupa yenye mafuta safi kidogo. Aliye juu hukanyaga mara kadhaa kisha hushikilia pedali chini. Aliye chini hulegeza nipeli, mafuta na mapovu hutoka, hukaza nipeli, ndipo aliye juu huachia. Mzunguko huu hurudiwa mpaka mapovu yaishe, huku kikopo kikiongezwa mafuta kisije kikakauka.

Maneno matatu huendesha kazi yote: kanyaga, shikilia, achia. Aliye juu akiachia kabla nipeli haijakazwa, upepo hunyonywa ndani na kazi ya nusu saa hupotea. Akidhani “shika” na “shikilia” ni kitu kimoja, atakanyaga na kuachia papo hapo. Hapa mnyambuliko wa kitenzi, unaofundishwa darasani kama zoezi la sarufi, unaamua kama gari litaondoka leo. Ni vigumu kupata mfano bora wa kumweleza mwanafunzi wa chuo cha ufundi kwa nini viambishi vya Kiswahili vina maana.

5.0 Mpaka wa kazi ya nyumbani

Klachi ikithibitishwa kuwa haishiki, na waya au pampu zikiwa nzima, giaboksi haina budi kushushwa. Kazi hiyo inaweza kufanyika uani, lakini si kwa kila mtu na si kwa kila gari. Giaboksi ya gari la mizigo ni chuma cha makumi ya kilo. Gari likae juu ya stendi za chuma, mahali pagumu pasipodidimia, magurudumu yaliyobaki chini yakiwa yamezuiwa. Jeki peke yake haitoshi. Matofali hayafai kabisa, kwa kuwa hupasuka bila onyo. Kwa malori ya Canter na makubwa zaidi, kazi hii iachiwe gereji yenye vifaa vya kunyanyulia.

Vumbi la klachi ni hatari isiyoonekana. Bitana za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na baadhi ya vipuri vya bei nafuu duniani vimeendelea kuwa nayo. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 162 kuhusu usalama katika matumizi ya asbesto mwaka 1986. Kwa fundi maana yake ni moja: vumbi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Liloweshwe na kufutwa kwa kitambaa ambacho kitatupwa.

Diski hupimwa kwa kina cha vichwa vya ribiti chini ya uso wa bitana. Miongozo ya Toyota huweka 0.3 mm kuwa kiwango cha chini, na kikipungua hapo diski ibadilishwe. Ni busara kubadili diski, sahani ya mgandamizo na beringi kwa pamoja, kwa kuwa gharama kubwa ni ya kazi ya kushusha. Ushauri huu hukataliwa na wateja wengi kwa sababu inayoeleweka: fedha ya leo ipo na ya kesho haijulikani. Anayelazimika kuchagua asiache beringi.

Wakati wa kufunga, diski ielekezwe upande wake sahihi, ambao kwa kawaida umeandikwa au huonekana kwa kitovu kilichotokeza kuelekea giaboksi. Iwekwe katikati kwa kifaa cha kulenga, au kwa shafti ya giaboksi chakavu ya aina ileile, njia ambayo ni nzuri vilevile. Bolti za sahani zikazwe kidogo kidogo kwa kuvukana, si moja hadi mwisho. Giaboksi inaporudishwa isining’inizwe kwa shafti yake ndani ya diski. Kitovu hupinda, na klachi mpya itakataa kukata tangu siku ya kwanza.

6.0 Pikipiki

Kwa idadi, klachi zinazoguswa zaidi katika mkoa huu huenda ni za bodaboda. Klachi ya pikipiki kama Bajaj Boxer ina diski kadhaa zinazoogelea katika mafuta ya injini yenyewe, na huvutwa kwa waya. Mambo mawili yanatosha hapa. Kwanza, mchezo mdogo wa waya kwenye mkono wa klachi lazima ubaki. Anayeukaza mpaka uishe huzichoma diski mwenyewe. Pili, mafuta ya magari yenye viungo vya kupunguza msuguano huzifanya diski ziteleze, ndiyo sababu chupa ya mafuta ya pikipiki huwa na alama ya JASO MA. Alama hiyo haina lugha. Lakini sababu ya kuitafuta inahitaji lugha.

7.0 Istilahi na sera

Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika madarasa ya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu lugha hii. Mjadala uliofuata umekuwa zaidi wa shule na ofisi. Gereji haikutajwa sana, ingawa ni mahali ambapo Kiswahili kinatumika bila kusubiri agizo.

Ipo pingamizi ya haki. Fundi Mlugbara anayemhudumia mteja Mlugbara hahitaji Kiswahili. Kilugbara kinamtosha, na mwongozo wa Kilugbara ungekuwa na faida yake. Makala haya hayalipingi hilo. Kiswahili kinahitajika pale ambapo watu wawili hawana lugha nyingine ya pamoja, na katika barabara ya Vurra hadi Oraba hali hiyo si ya nadra. Kambi ya Lobule wilayani Koboko, kwa mfano, inawahifadhi wakimbizi kutoka Kongo, ambao baadhi yao wanakuja na Kiswahili chao. Kiswahili hicho, pamoja na kile kilichoingia Uganda kupitia jeshi, kina sura zake: ukanushi kwa neno “hapana”, kama katika “klachi hapana shika”, si sanifu, lakini ni sahihi kiufundi. Humwambia fundi anachohitaji kujua. “Klachi imekwisha kufa”, iliyo sanifu kabisa, haimwambii kitu.

Utungaji wa istilahi katika nyanja hii umezoea kuanza na majina. Orodha hutengenezwa, kila kipuri hupewa jina la Kiswahili, na fundi huendelea kusema “presha pleti”. Hakuna hasara katika hilo. Hasara iko katika vitenzi. Jozi ya -shika na -kata inafaa, lakini ina kasoro moja: “haikati” inasikika karibu na “imekatika”, ambayo kwa waya ina maana tofauti kabisa. Penye kelele za injini, tofauti hiyo hupotea. Jozi ya -shika na -achia ni salama zaidi kwa maandishi ya mafunzo: haishiki, haiachii. Kwa mtetemo na mlio, -tetema na -lia vinatosha, mradi viambatane na wakati: inalia lini, pedali ikiwa chini au juu?

Tangu sheria ya mwaka 2008 kuhusu mafunzo ya biashara na ufundi, Uganda imekuwa na mfumo unaowezesha umahiri uliopatikana kazini kupimwa na kutambuliwa kwa cheti. Watunga sera wanaotafuta mahali pa kuanzia na Kiswahili cha ufundi wanaweza kuanza hapo, kwa maswali ya mdomo. Mtahiniwa asiombwe kutaja sehemu za klachi kwa majina yaliyopitishwa. Asomewe sentensi moja: gia zinakataa kuingia injini ikiwa hai, zinaingia injini ikizimwa, na pedali ikipigwa mara tatu zinaingia tena. Kisha aulizwe ataanzia wapi. Anayeelekea kwenye jeki ya giaboksi arudi kujifunza. Anayefungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya klachi aendelee na swali la pili.